Mikweche ya Oxfordshire

Shemeji, mume wa dada yangu, alinitahadharisha nivae soksi mbili. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Aprili, jua limetoka lakini halichomi, nasi tulikuwa kwenye foleni ya magari nje kidogo ya mji wa Bicester, kaskazini mwa Oxford. Mbele yetu ilikuwapo Jaguar E-Type ya kijivu, boneti yake ndefu kama ngalawa iliyopinduliwa ufukweni. Nyuma yetu kulikuwa na MG ya kijani, turubai limekunjwa, bibi na bwana wamejizungushia skafu shingoni, na bibi amepakata chupa ya chai. Katikati ni sisi, ndani ya Toyota ya miaka mitatu yenye joto la kutosha. Kwetu Moshi Toyota kama ile ingepishwa njia. Pale kijana wa getini alitupungia twende pembeni, kwenye uwanja wa nyasi wa magari ya kawaida, na yale mazee akayapitisha hadi mbele, karibu na majengo, mahali ambapo kwetu angeegesha mkuu wa mkoa.

Zamani Bicester palikuwa kambi ya jeshi la anga, ambapo marubani wa ndege za mabomu walifunzwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Majengo ni ya matofali mekundu, mafupi, yamepangwa kati ya miti mikubwa, na mahangari yanatazama uwanja mpana wa nyasi. Jeshi lilipoondoka yalianza kuchakaa. Tangu 2013 yamekuwa yakikarabatiwa na kupangishwa mafundi wa magari ya zamani. Jumapili chache kwa mwaka milango hufunguliwa na watu huja na magari yao kutazamana. Hakuna mashindano. Wanakunywa kahawa, wanazunguka, wanainama, wanachungulia.

Kuna adabu ya boneti ambayo ilinichukua muda kuielewa. Mwenye gari akiifungua boneti, amekukaribisha. Unaweza kusogea, ukaweka mikono nyuma, ukatazama injini kama mtu anayetazama mtoto mchanga aliyelala. Ikiwa imefungwa, unapita. Hakuna anayegusa bila ruhusa. Na hakuna anayeuliza bei. Shemeji alikuwa ameniambia mapema: "Ukitaka mazungumzo, muulize amekaa nalo miaka mingapi." Nikauliza hivyo, mara nne au tano, na kila mara uso wa mtu ulifunguka. Mmoja alikuwa na gari lake tangu kabla ya kuoa. Mwingine alirithi kwa shangazi. Mama mmoja mwenye Morgan, gari ambalo bado linaundwa kule Malvern juu ya kiunzi cha mbao ya mti uitwao "ash", alinionyesha mahali ambapo mbao hiyo inapita chini ya bati, akagonga kwa kifundo cha kidole nisikie. Ilisikika kama mlango wa kabati.

Nikayatazama magari yale na neno letu la "mkweche" likawa linanisumbua kichwani. Kwetu gari hupimwa kwa herufi inayofuata tarakimu kwenye kibao. Mtu akisema ana gari "namba D" au "namba E" hajakwambia ni la kampuni gani wala limetunzwa vipi, lakini wote mlioketi kibarazani mmeshajua thamani yake. Serikali nayo inahesabu hivyohivyo: Tanzania gari kuukuu likishuka bandarini hutozwa ushuru wa ziada kwa ajili ya uchakavu wake, na Kenya gari lililozidi miaka minane haliingizwi. Uingereza hesabu hiyo hufika mahali ikageuka. Gari likitimiza miaka 40, mradi halijabadilishwa sana, mwenyewe husamehewa kodi ya barabara na ukaguzi wa kila mwaka. Na yale yaliyoundwa kabla ya 1980 yanaruhusiwa kubeba vibao vyeusi vyenye herufi za rangi ya fedha, vya mtindo wa zamani. Wenye magari huvisugua vibao hivyo kwa kitambaa laini kuliko wanavyosugua taa.

Sielewi vibaya sababu za sheria zetu. Hakuna anayetaka bandari yetu iwe jalala la nchi nyingine, na moshi wa magari mabovu tunauvuta sisi. Lakini nikiwa pale uwanjani niliona kitu ambacho sheria zetu hazijakipa jina: gari lililozeeka mikononi mwetu wenyewe, lililopanda milima yetu na kuvuka mito yetu kabla hayajajengwa madaraja. Hilo nalo tunaliita mkweche, na hapo mazungumzo yanakwisha.

Bei za magari ya huko ni habari nyingine. Jaguar E-Type ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Geneva, Machi 1961, iliuzwa Uingereza kwa pauni elfu mbili na ushei. Leo E-Type nzuri ya miaka ile ya mwanzo huweza kuuzwa kwa zaidi ya pauni laki moja. Ferrari 250 GTO ziliundwa 36 tu kati ya 1962 na 1964. Mwaka 2018 moja ilipigwa mnada California kwa dola milioni 48.4. Na mwezi Mei 2022, ndani ya jumba la makumbusho la Mercedes-Benz mjini Stuttgart, gari moja liliuzwa kwa euro milioni 135, yaani zaidi ya shilingi bilioni 300 za Tanzania. Ziliundwa mbili tu za aina hiyo. Zimepewa jina la mhandisi aliyezibuni, Rudolf Uhlenhaut, na jambo ninalolipenda kuliko bei yenyewe ni kwamba bwana huyo alikuwa akiendesha mojawapo kwenda nayo kazini. Gari la mbio, lenye uwezo wa kukimbia karibu kilomita 290 kwa saa, kwenye barabara moja na watu wa mkate na maziwa.

Kwa nini magari haya yanapanda bei? Wenyewe wana majibu mengi. Kutu imeyala mengi, na yaliyobaki hayaongezeki. Walioyatamani wakiwa wavulana madirishani sasa wana fedha na nafasi. Sheria ya Uingereza haitozi kodi ya faida mtu anapouza gari lake la binafsi kwa bei kubwa kuliko aliyonunulia, jambo ambalo nyumba ya pili au hisa hazina. Lakini wazee waliokuwapo wanakumbuka pia mwanzo wa miaka ya 1990, bei zilipoporomoka baada ya kupaa kwa kasi, na walionunua kwa mkopo wakabaki na bati na deni. Mzee jirani wa dada yangu, ambaye habari zake nitazisimulia, alisema jambo nililoliandika usiku uleule: gari likipanda bei mno huanza kuogopwa na mwenyewe.

Kabla sijafika kwake, niiseme Datsun. Ilikuwa 240Z ya rangi ya chungwa, imekaa peke yake mwisho wa safu. Mwenyewe, kijana wa miaka thelathini hivi, aliniuliza natoka wapi. Nilipomwambia, akaweka kikombe chini. "Nchi za Safari!" akasema. Akaanza kunitajia washindi kama mtu anayesoma tasbihi: 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971, ikashinda tena 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Aliniambia gari lile halikuwa na heshima kubwa Ulaya zamani, watu wakiliona kama Mjapani anayeiga, na kwamba vumbi letu ndilo lililolipa jina, na jina likalipa bei. Akanieleza pia kuwa kijijini karibu na Banbury, si mbali na pale, iko karakana ya Tuthill ambayo huandaa Porsche 911 za zamani na kuzisafirisha hadi Kenya kwa ajili ya mashindano ya Safari ya magari ya kale, yaliyoanza 2003. Nilisimama pale na baridi yangu nikifikiri juu ya mafundi wa Oxfordshire wanaonyanyua shokapu na kuongeza vyuma chini ya injini kwa kuwa wanaijua, kwa majina, barabara ya kwetu.

Baba yangu alikuwa na Peugeot 404. Aliinunua kuukuu, nyeupe, gia pembeni ya usukani. Yeye alikuwa dereva wa lori la Bedford la ushirika wa kahawa, na ile 404 ilikuwa ya Jumapili: kanisani, msibani, hospitali. Alipenda kutueleza kwamba gari la aina yake lilishinda Safari mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, na kwamba zile za 1966 na 1967 ziliendeshwa na Bert Shankland, mtu aliyekuwa akiishi Tanzania, kwa hiyo ushindi ulikuwa wa kwetu. Mwaka wa 1968 mvua ilinyesha hadi magari saba tu ndiyo yaliyomaliza. Baba aliitaja hiyo saba kwa kuonyesha vidole. Alipofariki, gari lilikaa chini ya mwembe miaka sita. Kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma. Halafu wakaja wanunuzi wa vyuma chakavu na mizani yao ya kuning'iniza, wakalikata kwa msumeno na gesi, wakalipima kwa kilo. Fedha nilizipokea mimi, nikazigawa. Kadi ya gari sijui ilikokwenda.

Nayasema haya kwa sababu ya faili. Pale Bicester karibu kila gari lilikuwa na faili kwenye kiti cha abiria, jalada nene la karatasi lililofungwa kwa kamba au mpira. Ndani mna risiti za petroli, barua za bima, ankara za gereji zilizoandikwa kwa mkono, picha za mwenye gari wa kwanza na mbwa wake, karatasi za ukaguzi za kila mwaka zikionyesha maili zilivyopanda. Faili hilo ni sehemu ya bei. Magari mawili yanaweza kufanana kama mapacha, lakini lenye karatasi likauzwa ghali zaidi, na lenye injini iliyozaliwa nayo kiwandani, namba zikilingana, likazidi tena. Hata rangi iliyopauka, ikiwa ndiyo ya kiwandani, wengine huiacha ilivyo, maana rangi mpya inaweza kupakwa wakati wowote lakini ile ya kwanza haipakwi mara mbili.

Fundi wetu angewashangaa. Kwetu fundi mzuri ni yule anayeweza kuweka injini ya Toyota ndani ya Land Rover na ikatoka Same hadi Moshi bila kuchemsha. Nimewaona wakichonga bushi kutoka tairi la lori, wakiziba redieta kwa maarifa ambayo hayamo kwenye kitabu chochote. Kazi hiyo ingelipunguzia gari la Uingereza thamani yake yote. Muda mrefu nilisimama kwenye mlango wa karakana moja nikimtazama kijana wa kama miaka kumi na minane akinyoosha fenda kwa nyundo ya mbao, akigonga, akiipima kwa kiganja, akigonga tena. Mikono yake ilikuwa na grisi ileile ya kijana yeyote wa Gerezani, Dar es Salaam. Kipaji ni kimoja. Huyu anaitwa mlinzi wa urithi na amepangiwa shule, wa kwetu anaitwa "wewe fundi, njoo." Hilo liliniuma zaidi ya bei zote nilizosikia.

Sasa mzee wa jirani. Anakaa nyumba ya pili kutoka kwa dada, ana miaka sabini na minane, na ndani ya banda lake kuna MGB ya 1966, nyekundu, isiyo na paa. Alinitaka nimwite kwa jina lake la kwanza, kama wanavyofanya kule hata watoto. Mdomo ulikataa. Nikamwita "Mzee", akaniuliza maana yake, nikamweleza kwamba ni jina la heshima, akafurahi na akaanza kujitambulisha nalo kwa shemeji juu ya ua.

MG ni gari la kwao hasa. Jina latokana na Morris Garages, gereji za William Morris mjini Oxford, na MGB ziliundwa Abingdon, kusini tu mwa Oxford, kuanzia 1962 hadi 1980 kiwanda kilipofungwa. Zilizidi laki tano. Kwa sababu ya wingi huo bei yake haijapaa kama ya Jaguar. Ni gari ambalo mwalimu mstaafu anaweza kuwa nalo. Na vipuri vipo vyote. Tangu 1988 hata bodi nzima mpya imekuwa ikipatikana, ikitengenezwa kwa mitambo ileile ya zamani. Ili niweze kuliendesha, Mzee alipiga simu kwa watu wa bima, akanisomea maswali, mimi nikajibu, na kesho yake jina langu likaingizwa kwa siku moja. Bima za magari haya zina utaratibu wake: thamani inakubaliwa mapema kwa maandishi, na mwenye gari anaahidi kutozidisha maili kadhaa kwa mwaka.

Usukani uko kulia, kama kwetu, na barabara ni kushoto. Mengine yote yalikuwa mageni. Unakaa chini sana, miguu imenyooka mbele, na ukiteremsha mkono nje ya mlango unakaribia kugusa lami. Mzee alikaa kushoto akashika mkono wangu kabla sijapiga stata. "Washa swichi tu. Sikiliza." Nyuma yetu kitu kikaanza kugonga, tiki-tiki-tiki-tiki, haraka, kisha polepole, kisha kikanyamaza. Ilikuwa pampu ya petroli ikijaza karabureta mbili. Ikinyamaza, gari liko tayari. Nikavuta choki, nikapiga stata, injini ikakohoa mara moja na kuunguruma, na usukani mwembamba ukaanza kutetemeka taratibu viganjani mwangu.

Gia ya kwanza ya gari la mwaka ule haina kisawazisha mwendo, kile kiitwacho "synchromesh". Ukitaka kuirudia gari likiwa bado linatembea, lazima ukanyage klachi mara mbili na kupiga mafuta kidogo katikati. Mzee alianza kunieleza, na mguu wangu ukafanya kabla hajamaliza. Hivyo ndivyo baba alivyokuwa akiendesha Bedford, nami nikiwa nimekaa katikati juu ya godoro la injini, nikitazama mguu wake. Sikujua kama nilikuwa nimejifunza. Mzee alinigeukia. "Nani kakufundisha?" Nikamwambia.

Tulipita Woodstock, tukakata kushoto kuelekea Charlbury, njia nyembamba zenye kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, mawe ya rangi ya asali, kondoo upande huu na ngano changa upande ule. Gari lile lina nguvu za farasi 95 tu. Toyota ya shemeji ingeliacha kwenye taa ya kwanza. Lakini kwa maili arobaini kwa saa nilijua kila kitu kilichokuwa kikitokea: kokoto chini ya tairi la kushoto, upepo ulivyobadilika tulipoacha kivuli cha miti, harufu ya samadi, kisha ya mkate, kisha ya petroli yetu wenyewe. Kila kona ilidai kazi. Unapunguza mapema, unashusha gia, mkonga wake mfupi unaingia kwa sauti ya kufuli lililopakwa mafuta, unavuta usukani kwa mabega kwa kuwa hakuna wa kukusaidia, na gari linaegemea kidogo na kutoka upande wa pili likiimba. Nimeendesha magari miaka ishirini na mitano. Mengi yamenifikisha nilikokuwa nakwenda, na hayakunihitaji kwa lolote zaidi ya hapo.

Madereva wa magari kama lile hupungiana mikono. Tulikutana na MG nyingine mbili na Triumph moja, na kila mmoja akainua kiganja. Kwetu nasi tunasalimiana njiani kwa taa, tunapojulishana kuwa askari yuko mbele. Ndugu wa barabara wako kila mahali, sababu tu ndizo zinazotofautiana. Katika mji mdogo wa Burford tuliteremka barabara kuu yenye mteremko mkali hadi kwenye daraja jembamba la mawe juu ya mto Windrush, na hapo Mzee akaniambia nisimame.

Tulikunywa chai yake ya chupa tukiwa tumeegemea fenda. Nikamuuliza kama angeuza, bei zikipanda kama za Jaguar. Alifikiri. Akasema ana mjukuu wa miaka kumi na minne, na hofu yake ni kwamba gari likifika bei fulani kijana atalifunika kwa shuka na kulitazama. "Injini isiyowashwa huharibika," akasema, "mipira hukauka, breki hushika, na mwenyewe husahau." Ndiyo maana kila Jumamosi analitoa, mvua au jua. Akaniambia pia wapo matajiri wanaofanya vilevile: kule Goodwood, kusini, kila Septemba magari ya mamilioni ya pauni hushindanishwa kwelikweli, yakisuguana na kupinda mabati.

Tuliporudi nililiingiza bandani kinyumenyume, polepole, injini ikinukia oili ya moto. Mzee akatoa jalada lake kutoka nyuma ya kiti. Juu kabisa kulikuwa na daftari la shule, na kila ukurasa ulikuwa na safu zilizoandikwa kwa kalamu: tarehe, maili, wapi, nani aliyeendesha. Maili za siku ile akazisoma kwenye dashibodi akiwa amevaa miwani, akaziandika. Kisha akanisogezea daftari niandike jina langu mwenyewe, asije akakosea herufi.

Niliandika langu na la baba, kama tunavyoandika kwetu. Akayatazama majina mawili, akauliza la pili ni la nani, halafu akalifunga daftari na kulirudisha ndani ya jalada.